Ghuba yetu imebadilika: sisi watu wa mwalo tuanze kupima nini?

katibu_wa_mwalo (Mukono)

Wakubwa heshima zenu, na wenzangu poleni na kazi.

Mimi ni katibu wa kamati ya mwalo mdogo, yaani bandari ya mitumbwi ya wavuvi, kwenye Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda. Ghuba yetu imejikunja kiasi kwamba ukisimama ufukweni huoni ziwa lenyewe, unaona kilima cha ng'ambo tu. Jina la mwalo naliacha, maana tunaowalalamikia ni majirani na tunakutana nao sokoni kila wiki.

Maji yamebadilika. Jua likikaa siku nyingi bila upepo yanageuka kijani kizito, kasia linatoka limepakwa. Mfereji unaoshuka kutoka senta unaleta kila kitu: sabuni ya waosha pikipiki, damu ya machinjio, na mvua ikinyesha, yaliyomo vyooni. Waliokuwa wakitega ngege pembeni ya mafunjo sasa wanachoma petroli kwenda mbali. Na kuna asubuhi tumeamka tukakuta sangara wakubwa wanaelea matumbo juu. Hapo kila mtu ana daktari wake: huyu anasema sumu ya wavuvi haramu, yule anasema kiwanda, mwingine anasema ni vizimba vya samaki, mzee mmoja anasema ni ziwa lenyewe limekasirika. Mkutano unaisha kwa matusi.

Walikuja vijana wenye fulana za mradi, wakachota maji, wakapiga picha, wakaondoka. Majibu hatujayaona. Tulipofuatilia tukaambiwa ripoti ni ya wafadhili.

Kwa hiyo kamati imekubali tuchange, tupime wenyewe. Tunao mtumbwi, injini ya kuazimana, simu, na kijana aliyemaliza kidato cha sita na biolojia yake kichwani. Maabara hatuna. Nimesoma jinsi wenzetu wa baharini wanavyofuatilia afya ya milango ya mito na maji ya pwani: wanapima chumvi, wanahesabu minyoo ya kwenye tope, halafu wanalipangia eneo daraja. Sisi wa maji baridi tunaweza kuiga? Tupime nini, wapi, saa ngapi? Na tukimpelekea afisa mazingira wa wilaya daftari letu, atatusikiliza au atacheka?

Naomba lugha nyepesi. Majibu nitayasoma mkutanoni, na pale kwetu kuna Wasamia, Wajaluo, Wakongo na Waganda, ndiyo sababu nimeuliza kwa Kiswahili.

fundi_mstaafu (Jinja)

Ndugu katibu, mimi nilikuwa fundi wa maabara ya maji hapa Jinja. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kukaa kwenye boti saa ambazo wenye digrii wamelala, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa boti.

Kwanza, msikimbilie sumu. Watu wakisikia kupima maji wanawaza zebaki na risasi, wanamaliza hela yote kwa sampuli moja ya maabara Kampala. Ghuba nyingi za ziwa hili zinaugua shibe. Nitrojeni na fosforasi kutoka kwenye mifereji, mashamba, vyoo, hata vumbi na moshi vinavyodondoka kutoka angani, vinalisha mwani. Mwani unanenepa, unakufa, unazama, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni ya chini. Shibe hiyo unaweza kuifuatilia kwa vitu vya kununua madukani.

Cha kwanza ni sahani ya Secchi. Padri Mwitaliano, Angelo Secchi, aliijaribu kwenye bahari ya Mediterania mwaka 1865, na mpaka leo hakuna kifaa kilichoishinda kwa bei. Kata bati la duara lenye upana wa sentimita 20, ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga uzito chini na kamba katikati. Teremsha upande wa kivuli cha mtumbwi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, bila miwani ya jua. Ikipotea, soma kamba. Ivute polepole mpaka ionekane tena, soma tena. Chukua ya katikati. Basi.

Unaweza kuona ni mchezo wa watoto. Mwaka 1927 mtafiti Mwingereza, Worthington, aliteremsha sahani kama hiyo kwenye maji ya wazi ya ziwa letu, akawa bado anaiona kwenye mita 7 hadi 8. Miaka ya 1990 watafiti wa hapa Jinja walikuwa wanaipoteza kwenye mita 3 au pungufu. Bila ile namba ya 1927 tungekuwa bado tunabishana kama ziwa limebadilika au macho yetu yamezeeka. Hicho ndicho mnachokwenda kutengeneza: namba ya mwanzo. Ubishi wa mkutano wenu hauishi kwa sababu hakuna anayejua ghuba ikiwa salama huwaje.

Cha pili ni oksijeni, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Ukipima juu ya maji saa nane mchana utapata namba ya kupendeza, kwa sababu mwani unatengeneza oksijeni kwenye mwanga. Usiku mwani huohuo unaivuta. Saa mbaya ya ghuba ni kabla ya jua kuchomoza, na mahali pabaya ni karibu na tope. Kwa hiyo mpime alfajiri, juu na chini, mkiweza mrudie mchana siku hiyohiyo. Tofauti ya alfajiri na mchana ikiwa kubwa sana, mwani wenu umezidi. Samaki wengi wanataka miligramu 5 kwa lita kwenda juu. Chini ya 2 anayeweza kukimbia anakimbia, asiyeweza anakufa.

Mkiazima mita ya oksijeni, muulize mwenye nayo kama imewekwa mwinuko wetu. Ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya nyuzi 25 huku hayabebi oksijeni kuliko miligramu 7 na kidogo yakiwa yametulia na hewa. Mita iliyowekwa kwa ajili ya pwani itawapa asilimia za uongo.

Mkikosa mita, kuna njia ya mkemia Winkler, ya mwaka 1888. Unajaza chupa ya kioo bila kuacha hata povu moja la hewa, unatia matone ya dawa ya manganizi, halafu ya aidodi yenye alkali, unafunga na kupindua chupa. Tope likishuka la kahawia, oksijeni ipo. Likishuka jeupe, hamna kitu. Namba kamili inapatikana baadaye mezani kwa kutia asidi na kupima kwa tone, lakini ile rangi mtu yeyote mtumbwini anaiona kwa macho yake. Nimeshuhudia wabishi wakinyamaza kwa ajili ya chupa nyeupe. Dawa hizo zinaunguza, vaeni glavu, na mwalimu wa kemia wa sekondari ya karibu asimame na kijana wenu mpaka azoee.

Maji ya chini mtayapata kwa chupa iliyofungwa jiwe, kizibo chake kikiwa na kamba ya pili. Ikifika chini, vuta kizibo. Ikijaa inakoroga hewa kidogo ndani, kwa hiyo ikikuonyesha oksijeni ndogo, ujue huko chini ni mbaya kuliko hapo.

Cha tatu ni kalamu ya kupima upitishaji umeme wa maji. Hii ndiyo chumvi yenu, maana maji yenye chumvi nyingi zilizoyeyuka yanapitisha umeme zaidi, na kipimo chake ni maikrosimensi. Maji ya ziwa la wazi yako karibu na maikrosimensi 100 kwa sentimita, ambayo ni kidogo sana. Ya bahari yanafika kama 50,000. Maji ya mfereji wenye maji taka yanakuwa mara kadhaa zaidi ya ziwa. Ukianzia mdomoni mwa mfereji ukaenda taratibu na kalamu majini, unaona namba inashuka, na unaweza kuchora kwenye karatasi uchafu unafika wapi. Ghuba ya Murchison ya ndani hapo Kampala ni somo zuri: mfereji wa Nakivubo unamwaga humo, na mitambo ya Ggaba inavuta humohumo maji ya kunywa ya jiji.

Vituo vitatu vinatosha: mdomo wa mfereji, katikati ya ghuba, na nje kabisa kwenye maji ya wazi. Hicho cha nje ndicho watu wanakiruka kuokoa petroli. Msikiruke. Siku ziwa zima likichafuka, hicho kitawazuia kumshitaki jirani bure. Siku ghuba peke yake ikichafuka, hicho ndicho shahidi wenu.

Na samaki wakifa tena, kabla ya kuwagombania andikeni nani kafa. Sangara hana uvumilivu wa oksijeni ndogo, na mkubwa ndiye wa kwanza. Kamongo na kambare wanapanda juu kuvuta hewa. Mkikuta sangara wakubwa wamekufa alfajiri na kambare anaogelea, shukuni upungufu wa oksijeni. Mkikuta kila kitu kimekufa karibu na mfereji, konokono na viluwiluwi pamoja, hiyo ni habari nyingine, piga simu wilayani saa hiyohiyo na msiguse mzoga.

Vaeni jaketi za kuokolea na gambuti. Kichocho kiko ufukweni kote.

bamvua (Mombasa)

Salamu kutoka maji ya chumvi. Mimi nachambua tope la hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) na milango ya mito, na fundi amenimalizia maneno mengi, kwa hiyo naongeza pale tu ambapo bahari inaweza kuwafaa.

Sisi tukienda kupima jambo la kwanza ni kutazama kama maji yanajaa au yanakupwa. Namba ya maji kujaa na namba ya maji kupwa hazilingani hata kwa saa sita, na bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, si sawa na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Mto ukikutana na bahari, chumvi nzito inapita chini na maji ya mto yanapita juu, kwa hiyo aliyepima juu peke yake amepima mto. Nyinyi hamna kupwa na kujaa, ila mna upepo. Nadhani upepo wenu wa alfajiri unatoka nchi kavu na wa mchana unatoka ziwani. Kama ni hivyo, asubuhi uchafu wa mfereji unasukumwa nje na mchana unarudishwa. Andikeni upepo kila mara, la sivyo mtalinganisha vitu viwili tofauti mkidhani ni kimoja.

Kuhusu minyoo: tunaipenda kwa sababu maji yanapita lakini mnyoo anakaa. Kilichotokea mwezi uliopita kimeandikwa kwenye tope. Watafiti Pearson na Rosenberg walieleza mwaka 1978 kwamba takataka za kuoza zikizidi, wanyama wakubwa wanaochimba ndani sana wanatoweka kwanza, wanabaki wa aina moja mbili tu, wadogo, kwa maelfu. Baadaye, mwaka 2000, Borja na wenzake wa Hispania wakatoa kipimo kiitwacho AMBI kinachogawa wanyama wa tope katika makundi matano, kutoka wasiovumilia hadi wanaoshamiri kwenye uchafu.

Msikinakili. Orodha yake ni ya wanyama wa baharini. Na hata sisi kwenye milango ya mito kinatusumbua: mahali ambapo chumvi inapanda na kushuka kila siku, wanaoishi ni wagumu tu, kwa hiyo kipimo kinasema pachafu hata pakiwa safi. Mazingira yenyewe ni magumu kwa asili yake.

Mnachoweza kuchukua ni chekeche ya tundu la nusu milimita na sahani nyeupe. Chota tope, lichekeche kwa maji, mwaga kwenye sahani. Angalia rangi kabla ya kuchekecha: juu kuna tabaka la kahawia, chini jeusi. La kahawia likiwa nene, oksijeni inaingia. Likiwa limeisha, tope ni jeusi hadi juu na linanuka yai viza, hapo hamna haja ya mita. Halafu hesabu wekundu. Viluwiluwi wa wale mbu wasiouma wanaopanda ziwani kama mawingu ni wekundu kwa sababu wana damu inayoshika oksijeni kidogo iliyopo, na minyoo myembamba ya maji taka pia. Sahani ikiwa na wekundu watupu bila konokono, kombe wala viluwiluwi wengine, jibu mnalo.

Swali kwa fundi: chini ya mafunjo hali ikoje?

fundi_mstaafu (Jinja)

Umeuliza penyewe, bwana bamvua. Chini ya mafunjo oksijeni ni ndogo kwa asili, hata mahali ambapo hakuna nyumba hata moja. Majani yanaoza humo miaka yote na mwanga haufiki. Samaki wadogo wanajificha humo kwa sababu hiyohiyo: sangara hawezi kuwafuata. Kwa hiyo katibu, msiweke kituo ndani ya mafunjo halafu mkapeleka namba hiyo wilayani kumshitaki mtu.

Mafunjo yenyewe yapimwe kwa njia nyingine. Piga picha kutoka mahali pamoja kila msimu, uone kingo zake zinakatwa kiasi gani na magimbi yanaingia wapi. Mafunjo yanachuja uchafu wa mfereji kabla haujafika ghubani, lakini yanachuja tu kama maji yanapita katikati yake. Wakilima mtaro wa kupitisha maji pembeni, umebaki na mapambo.

mama_vizimba (Buikwe)

Mimi nimekasirika kidogo lakini nitasema kwa adabu. Samaki wakifa, kidole cha kwanza kinaelekezwa kwetu wenye vizimba. Samaki wa ziwani anaweza kukimbia, wangu yuko ndani ya wavu na nimekopa kwa ajili yake. Nani anaumia kwanza?

Ile mizoga ya sangara ya mwisho wa 2020 kuingia 2021, iliyoonekana hadi Kenya, watu walipiga kelele ya sumu mpaka serikali ikasema ni upungufu wa oksijeni. Sisi tunaoamka ziwani tunajua dalili zake. Siku kadhaa za joto, maji yamelala kama mafuta, halafu usiku unapiga upepo wa baridi na mvua. Maji ya chini yanapinduliwa yanapanda juu na harufu yake. Ukiona samaki wamejaa juu wanahema midomo nje, chakula hapana, usiwape hata punje, maana mlaji anahitaji oksijeni zaidi.

Sikatai kwamba chakula kinadondoka chini ya vizimba. Kinadondoka. Njooni mpime tope chini yangu, karibuni sana, lakini mpime na mita mia kutoka hapo, na mdomo wa mfereji pia, siku moja, saa moja. Mimi mita ya oksijeni ninayo, naisoma kila alfajiri, daftari lipo. Kama ghuba yetu ni moja, namba zangu mtapata bure.

Jambo lingine kwa akina mama wanaochota: ule ukijani unaokusanyika ufukweni kama rangi ya mlango, maji yake kuchemsha hakusaidii. Aina nyingine ya mwani huo ina sumu ya ini, na moto hauiui, unaipasua itoke. Wachote mbali na ukijani, na watoto na ng'ombe wasikaribie.

katibu_wa_mwalo (Mukono)

Nyabo mama_vizimba, pole, na asante sana. Nitakutafuta, na aliyesema vizimba mkutanoni nitamleta aje kushika chupa mwenyewe.

Kijana ameshakata sahani kutoka kwenye kifuniko cha pipa, rangi inakauka. Maswali mawili yamebaki. Kamba tuliyonayo ni ya nailoni ya nyavu, inafaa? Na kuhusu afisa wa wilaya hamjanijibu. Pia, ukijani tutajuaje ni ule wenye sumu au ni wa kawaida?

fundi_mstaafu (Jinja)

Nailoni inavutika. Iloweke usiku kucha, itundike na uzito mpaka itulie, ndipo uweke alama kila sentimita 10, na uipime upya na futi kila baada ya miezi michache.

Ukijani: jaza maji kwenye chupa ya kioo robo tatu, weka gizani usiku mzima bila kuitikisa. Kesho ukijani ukiwa umepanda umejikusanya juu, shuku ule wa hatari, maana una viputo vya hewa vya kuuelesha. Ukiwa umezama, yaelekea ni mwani wa kawaida. Chupa haipimi sumu, inakuambia tu uanze kuogopa.

Afisa. Hatacheka ukimpelekea kitu anachoweza kukitumia. Sampuli ya mahakamani inachukuliwa na mkaguzi, inafungwa na kutiwa saini. Yenu haiwezi kuwa hiyo na msijaribu. Lakini mkaguzi ana pikipiki moja na mialo mingi. Daftari linalosema kila mvua kubwa ya kwanza namba ya kalamu mdomoni mwa mfereji inaruka, na oksijeni ya chini inaisha alfajiri mbili zinazofuata, linamwambia aje siku gani na asimame wapi. Mkumbushe pia kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na kingo: maziwa makubwa yana mita 200 za hifadhi kutoka maji yanapoishia wakati wa kiangazi. Anazijua, ila akiona na nyinyi mnazijua anakaa vizuri kwenye kiti.

Mnakili kila ukurasa kwa picha ya simu siku hiyohiyo, na mwandike kwa penseli. Kalamu ya wino ikilowa imekwenda. Tarehe, kituo, kina, upepo, mvua ya jana, jina la aliyesoma. Na saa. Hapo mkubaliane kabisa kabla ya siku ya kwanza kama daftari linaandika saa kumi na moja alfajiri au saa tano ya kwenye simu. Nimewahi kupewa daftari la mwaka mzima limechanganya zote mbili, na hakuna aliyeweza kuniambia ile "saa 5" ilikuwa giza au jua la kuchoma.